Naomba ushauri: fundi anataka kukata mbao ya chini ya kenchi

Habari zenu wakuu. Sebule ina upana wa mita 6, kenchi za mbao (fremu za pembetatu zinazobeba paa) zimeshapanda, bado bati. Fundi anataka kukata ile mbao ya chini inayolala kutoka ukuta hadi ukuta, ili dari liinuke katikati. Nasita sana, maana ndiyo inayozuia miguu ya kenchi isitanuke na kusukuma kuta nje. Fundi wa pili anasema ipandishwe tu, bila kutaja kiasi. Kenchi moja ambayo huyu wa pili alijaribu kuipandisha mbao hiyo, misumari imeanza kuachia pale mbao mbili zinapokutana.

Je, naweza kuipandisha hadi wapi kwa usalama? Na viungo hivyo vifungwe kwa bolti badala ya misumari?