MJADALA: Mabinti wa nyumba moja kupewa majina yanayoishia sawa, mnaonaje?

Mleta mada:
Wakuu salama? Naleta hili hapa maana huku ndani limeshazua maneno. Binti yetu wa kwanza anaitwa Gabriella, wa pili yuko njiani na mwenzangu kashikilia lazima wafanane, listi yake ni Daniella, Stella, Marcella na Mirabella, basi. Kuna mtu kamwambia eti -ella maana yake "wa Mungu" kwa hiyo lolote atakalochukua ni jina la baraka. Mimi nikamwambia taratibu kwanza. Gabriella na Daniella sawa, yametoka kwenye Gabrieli na Danieli, ni Kiebrania na ile "el" ndiyo Mungu mwenyewe, moja ni Mungu ni nguvu yangu na jingine Mungu ni mwamuzi wangu. Lakini Stella ni Kilatini, nyota. Mirabella nalo limejengwa juu ya neno la Kilatini la kitu cha kustaajabisha. Marcella ndiyo kabisa, linatokana na Marcus, jina linalohusishwa na Mars, mungu wa vita wa Warumi, sasa hiyo baraka ya nani? Yanaimba pamoja ila hayana undugu. Swali langu, tuangalie mwisho wa jina au maana?

Mchangiaji 1:
Mkuu unajipa presha bure. Jina ni la kuita na kuitika, nani atamsimamisha mtoto amuulize asili ya Kilatini? Isabella limetoka kwa Elisabeti, limepita midomo ya watu wa mataifa kadhaa mpaka halijifahamu, na bado linapendwa. Sauti ndo inaishi. Mpe mama mtoto jina lake mlale.

Mchangiaji 2:
Sikubaliani na huyo wa juu hata kidogo. Tena msiweke majina yote kapu moja, kuna kufanana kwa bahati na kuna kufanana kwa mpango. Chukueni Halima, Karima, Rahima, Hakima. Yale yanaishia -ima kwa sababu Kiarabu kinachukua herufi tatu za mzizi, na hapa ya mwisho ni m kote, kinazitia kwenye umbo moja la sifa, unapata mpole, mkarimu, mwenye huruma, mwenye hekima. Hapo mwisho sawa na kazi sawa. Halafu Fatima mtu anaileta humohumo kwa sababu ya sauti wakati umbo lake ni jingine, maana yake inahusishwa na kuachisha ziwa. Mleta mada, ukitaka undugu wa kweli acha kuangalia mkia, angalia mzizi. Rahima na Rehema wametoka tumbo moja, Naima na Neema vilevile, na wala hawachanganyi mtu wakiitwa.

Mchangiaji 3:
Hilo la kuchanganya ndo mimi limenileta. Ninao mapacha, Halima na Salima. Ukiwa chumba cha pili ukaita, kinachofika kule ni "...liimaaa" tu, ama wote wanaitika abee ama wote wanakausha, kila mmoja anakwambia mama nilidhani unamwita mwenzangu. Hiyo ni ya kucheka. Isiyo ya kucheka ni siku wote wanaumwa wamepewa chupa za dawa zinazofanana, jina limeandikwa kwa mkono haraka haraka, dozi tofauti, nimekaa nageuza chupa kwenye mwanga natafuta kama ile ni H au S. Tarehe ya kuzaliwa moja, jina la baba moja, kilichobaki kuwatofautisha ni herufi moja. Mtu akinambia raha ya kufananisha namsikiliza tu.

Mchangiaji 4:
Pole mama mapacha. Ila nyie watu wa maana nanyi tuwaulize kitu, mbona mna akina Claudia na Cecilia majumbani? Yote ni majina ya koo za Kirumi, Claudia linarudi kwenye neno la mtu anayechechemea na Cecilia kwenye kipofu. Yamekaa benchi moja na Sofia hekima na Victoria ushindi, wote -ia, na hakuna aliyekimbia. Jacqueline je? Ni Jacques, yaani Yakobo, aliyeshika kisigino cha kaka yake, wakamtia mwisho wa kike wa Kifaransa yakaisha. Tukianza kuchuja kwa maana ya miaka elfu mbili nyuma tutaishiwa majina, jina linachukua maana ya mtu anayelibeba.

Mchangiaji 2:
Mtu anaweza kulibeba Cecilia vizuri, sawa, lakini mzazi anayechagua *leo* akiwa anajua? Kujua na kutokujua sio kesi moja.

Mleta mada:
Nimemsomea yote haya. Marcella kaifuta mwenyewe, Mirabella kasema ndefu. Zimebaki Daniella na Stella, na hapo hataki kusikia mzizi wala tawi.

Mchangiaji 3:
Stella basi, nakuomba baba Gabriella. Gabriella na Daniella utaita "-iela" mpaka sauti ikauke.