Naomba ushauri: gemu ninayoipenda, na mtoto aliyetoka Goma

Filta_Kisekka

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mnivumilie, maelezo yangu ni marefu kidogo.

Nimezaliwa na kukulia kambini Mbuya, hapa Kampala, baba alikuwa mwanajeshi, ndiyo maana Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Nina miaka 36. Nauza vipuri vya magari soko la Kisekka, mke wangu ni wa Goma, Kongo, tuna binti mmoja.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa na kafyu ikaingia, nilinunua PS4, mashine ya gemu, iliyotumika kwa jirani aliyekuwa anatafuta hela ya kodi. Ndani yake kulikuwa na diski ya Metro Redux, yenye gemu ya Metro 2033. Mpaka siku ile gemu kwangu ilikuwa mpira tu, tena vijana watano mkipigiana kelele sebuleni. Hii ilikuwa kitu kingine kabisa. Uko peke yako. Dunia imeungua kwa mabomu ya nyuklia, watu wa Moscow waliobaki wanaishi chini ya ardhi kwenye vituo vya treni, na wewe ni kijana anaitwa Artyom unayetembea kutoka kituo hadi kituo. Ukipanda juu, hewa ni sumu, lazima uvae barakoa ya gesi. Saa iko mkononi mwako, inakuonyesha filta imebakiza muda gani. Pumzi yako unaisikia masikioni, inazidi kuwa nzito. Kioo cha barakoa kinaingia matope au damu, unakipangusa kwa mkono. Kikipigwa kinapata ufa.

Watu wananiuliza napenda nini humo. Napenda kuhesabu. Mchana kutwa nauza filta za hewa, mia moja zikitoka mia moja zinaingia, sikumbuki hata moja. Usiku nikikuta filta moja kwenye mkoba wa mtu aliyekufa, naiona thamani yake. Risasi nzuri za zamani, zile za kijeshi, ndizo hela ya kule chini. Kwa hiyo ukipiga risasi moja umefyatua pesa yako, na unajiuliza mara mbili kama yule adui kweli lazima afe au unaweza kuzima taa ukapita kimya. Sijui kitu kingine kinachonituliza hivyo baada ya siku nzima ya kubishana bei.

Sasa jambo lenyewe. Januari 2025 Goma ilipotekwa na waasi wa M23, mtoto wa dada wa mke wangu alikuwa huko. Ana miaka 13. Alifika kwetu Machi, kupitia Bunagana na Kisoro. Mama yake amebaki na bibi ambaye hawezi kusafiri. Kijana ana adabu sana, anaosha vyombo bila kuambiwa, lakini kuongea ni kama analipishwa kwa kila neno. Nilipojua anakuja nilifungia mashine kabatini. Miezi miwili sikucheza. Halafu nikaanza tena, saa tano usiku, watu wote wakilala, nikiwa na hedifoni.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye sehemu ambapo Artyom anamkuta mtoto mdogo wa kiume, Sasha, aliyebaki peke yake katika kituo kilichovamiwa. Unambeba mgongoni. Ukimbeba unakuwa mzito, bunduki inayumba, hulengi vizuri. Nikiwa katikati ya njia, Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikaisha. Giza nyumba nzima. Na nyuma yangu, kwenye mkeka, nikasikia sauti:

"Baba mdogo, yule mtoto umemwacha wapi?"

Ndugu zangu, sikujua kama yuko pale. Nikamwambia gemu inajisevu yenyewe, tutamkuta palepale. Akasema sawa. Kesho yake asubuhi kabla ya chai akaniuliza kama nimenunua umeme.

Tulimaliza ile sehemu pamoja, nilipunguza sauti. Mama wa Sasha alitaka kunilipa risasi, nikakataa. Kijana akauliza kwa nini nimekataa na filta zimekwisha. Tuliongea nusu saa! Tangu aje hatujawahi kuongea nusu saa. Sasa anaomba pedi ya kuchezea, anataka kucheza mwenyewe. Mke wangu amesema hapana, na amekasirika kweli. Ananiambia, "Baba Neema, huyu mtoto amekimbia bunduki, wewe unampa bunduki." Sina jibu. Naombeni mawazo yenu, hasa waliopitia.

---

Mwalimu_Mbale

Kaka, pole na hongera kwa kumpokea mtoto. Nitasema wazi: mke wako ana haki. Hizo gemu kwenye kasha zimeandikwa 18. Yeye ana 13. Hata mtoto asiyejua vita hafai kukaa mbele ya maiti na majitu ya gizani saa tano usiku, na shule asubuhi. Mimi nafundisha darasa lenye watoto wa aina yake. Kiti kikianguka, yuko chini ya dawati kabla sijageuka. Furaha yako kwa kuwa ameongea naielewa, lakini kilichomfungua mdomo ni wewe kukaa naye. Kaa naye mchana, mfundishe hesabu za duka.

---

Msafiri_Malaba

Ndugu yangu, kwa mtoto sina la kusema, ila hapo kwenye kuhesabu risasi umenigusa. Mimi nasubiri malori mpakani, naijua hiyo hali ya kuwa na muda mrefu na vitu vichache. Kama una mashine yenye nguvu, tafuta gemu ya S.T.A.L.K.E.R. 2, ilitoka Novemba 2024. Ile ya kwanza ni ya 2007. Inatumia eneo la Chernobyl, mahali penye ajali halisi ya 1986, na waliotengeneza ni Waukraine, kama walioanzisha Metro. Vita vilipoingia kwao 2022 sehemu ya timu ikahamia Prague, wengine wakabaki Kyiv, wengine wakaenda jeshini, na kazi ikaendelea. Nikicheza nalikumbuka hilo. Mtu aliyechora ile nyumba yenye madirisha yaliyovunjika, dirisha lililovunjika analijua.

---

Veranda_Gulu

Kaka Filta, nimesoma mara tatu. Umesema waliopitia, basi ngoja nijibu.

Mimi nilikuwa mmoja wa watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini Gulu, kwenye veranda za maduka na viwanja vya hospitali, ili tusitekwe usiku na waasi wa Kony. Nilikuwa na miaka tisa. Tunabeba gunia la kulalia, asubuhi tunarudi. Leo ni mtu mzima mwenye kazi na watoto, na nacheza gemu hizo unazocheza wewe, zote, peke yangu. Mke wangu aliniuliza swali lilelile.

Watu wanafikiri mtoto wa vita anaogopa bunduki tu. Mimi kilichoniumiza zaidi ni kukaa bila la kufanya. Mtoto kwenye vita hana kazi. Anaambiwa twende, anakwenda, lala, analala, nyamaza, ananyamaza. Hujui unakwenda wapi na hakuna anayekueleza. Kwenye gemu nina kazi ya mikono. Mlango umefungwa, mimi ndiye ninayeamua kuufungua. Nikitaka kukaa kituoni kusikiliza wazee wakisimulia, nakaa saa nzima, hakuna anayenifukuza. Na unajua Metro 2033 inakupa alama za siri kwa hayo? Ukisikiliza maongezi ya watu, ukimpa maskini risasi, ukikataa malipo ya mama wa Sasha, unajikusanyia njia ya kuufikia mwisho mwingine wa hadithi. Wengi wanaimaliza bila kuujua, kwa sababu walikuwa wanakimbia na kupiga.

Kwa hiyo swali la kijana wako nalielewa. Hakuuliza kuhusu bunduki. Alitaka kujua mtoto ameachwa wapi.

Lakini, kaka, nilianza kucheza nikiwa na miaka 25. Kabla ya hapo nisingeweza. Nilijaribu mara moja kwenye kibanda cha gemu nikiwa na kumi na sita, sauti ya milango ya chuma ikanitoa nje mbio, nikaacha viatu. Hasa sauti. Picha unaweza kufumba macho. Kwa hiyo nakubaliana na mwalimu kwamba Metro asiishike. Sikubaliani naye kwamba uifungie kabatini kana kwamba umemkosea mtoto. Akikuuliza habari za Sasha, mjibu mpaka mwisho.

---

Binti_Kivu

Shemeji yangu, salamu kwako na kwa dada yangu. Mimi ni wa Bukavu, niko Katwe mwaka wa pili. Naomba nimsemee mke wako kidogo. Hasira yake si ya gemu. Dada yake yuko Goma, simu inapatikana siku moja, siku tatu haipatikani, na mtoto wa dada yake anaongea na mume wake kuliko na yeye. Umemuuliza yeye analala vipi? Anza hapo kabla ya pedi.

La pili, mtoto aonane na mtu mwenye ujuzi. Watu wanaogopa jina la Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, kwa sababu ya maneno ya mtaani, lakini wana huduma za watoto na vijana, na hamlazimiki kulazwa. Mimi nilimpeleka mdogo wangu. Alikuwa anakojoa kitandani ana miaka kumi na moja. Walimchoresha, wakaongea naye, wakatuelekeza namna ya kukaa naye usiku. Ukitaka namba, niandikie pembeni.

---

Filta_Kisekka

Nimewasoma wote, asanteni. Mwalimu, nimekuelewa, sitaki kubishana. Veranda, nimekaa na maneno yako dukani kutwa nzima, mteja akaondoka bila chenji yake nikamkimbilia hadi steji ya boda. Binti Kivu, kumuuliza analala vipi sikuwahi. Nitamuuliza leo.

Swali moja limebaki. Kuna gemu yoyote yenye ule utulivu wa kuhesabu vitu na kujihifadhi, bila watu kupigana risasi? Nikimnyang'anya tu bila kumpa kitu, naona kama namrudisha kwenye ukimya.

---

Fundi_Pedi_Ntinda

Ipo. Tafuta The Long Dark, hata PS4 inacheza. Imetengenezwa Kanada. Umeme wa dunia umezimika, uko peke yako kwenye theluji, adui wako ni baridi, njaa, kiu na uchovu. Usimpe ile ya hadithi, humo kuna watu wabaya. Mpe ile ya kuishi tu, kisha chagua kiwango cha chini kabisa, kinaitwa Pilgrim. Kwenye viwango vingine mbwa mwitu wanakurarua, hapo wanakukimbia wao. Kazi yake ni kuokota vijiti, kutafuta viberiti, kuwasha jiko, kuyeyusha theluji apate maji. Mwambie mapema kwamba ukifa kwenye hiyo huna pa kurudia, unaanza upya kabisa. Usimwache aligundue mwenyewe.

Mambo matatu zaidi: taa ya sebule iwake, sauti itoke kwenye runinga na si hedifoni, na mwisho saa mbili usiku.

Na mtu akikushauri This War of Mine kwa kuwa "haina mapigano mengi", kataa. Ni gemu nzuri sana, ya Wapoland, inahusu raia waliozingirwa mjini, walichukua mfano wa Sarajevo. Kwa kijana wako itakuwa ni kumrudisha nyumbani siku ile ile.

---

Filta_Kisekka

Ndugu, narudi na mrejesho, ni wiki ya tatu sasa.

Nilimuuliza mke wangu analala vipi. Tuliongea hadi jogoo. Mengine nayaacha ndani.

The Long Dark nimeinunua. Siku ya kwanza mke wangu alikaa nasi, na nguo za kukunja mapajani. Kijana alitembea kwenye theluji akakuta kibanda chenye jiko. Akaingia, akaokota kila kilichomo, akakipanga. Moto ukagoma kuwaka mara mbili, wa tatu ukashika. Kisha hakutoka. Siku tatu za gemu yuko ndani, anaongeza kuni, anayeyusha theluji, analala, anaamka, anaongeza kuni. Mimi nilishaanza kutaka kumwambia mbele kuna mji mzuri, kuna vitu. Nikajizuia.

Mama mdogo wake akamuuliza, "Mbona hutoki, baba?"

Akasema, "Kuni bado zipo."

Naye akaacha kukunja nguo, akasogea pale mkekani. Akamuuliza chakula kimebaki kiasi gani, kijana akamhesabia kopo kwa kopo. Siku ya nne alitoka mwenyewe, akachukua vijiti vya karibu na mlango, akarudi ndani.

Jumapili mama yake alipatikana kwenye simu. Nilimsikia kijana akimweleza habari za kile kibanda, jinsi ya kushika moto upepo ukiwa mkali. Aliongea mpaka salio likakata, akaja kuniomba niongeze.

Metro nacheza bado, usiku, mlango nimeufunga. Hajaiomba tena, ila aliniuliza kama Sasha anaonekana tena mbele, nikamwambia nitaangalia. Binti Kivu, ile namba nimeipiga. Wametupa Alhamisi saa nne asubuhi, mke wangu ndiye atakayempeleka, nami nitafunga duka niwafuate.