Naomba ushauri: nimpe kitabu badala ya kumweleza?

Mleta uzi: Wanajamvi, salaam. Nimemaliza kusoma Sputnik Sweetheart ya Haruki Murakami, iliyotoka Japani mwaka 1999, na tangu hapo sijatulia. Msimulizi, anayejulikana kwa herufi K tu, ni mwalimu wa shule ya msingi anayempenda rafiki yake Sumire, naye Sumire humpigia simu usiku wa manane kutoka kwenye kibanda cha simu, amweleze jinsi anavyompenda Miu, mwanamke mwenye mume, aliyemzidi Sumire umri kwa miaka 17. Mimi pia ninaye rafiki wa namna hiyo. Juzi saa nane usiku alinipigia kunisomea ujumbe wa mwanamume mwingine, akitaka nimsaidie kutunga jibu, nami nikamsaidia hadi alama za mshangao. Nimeshapigia mstari wa penseli maneno ya K. Je, nimpe kitabu, kisha nisubiri aelewe mwenyewe?

Msomaji Mkongwe: Usithubutu, ndugu yangu. Aliyezama katika penzi la mwingine atajiona katika Sumire, wala K hatamwona kabisa. Atakushukuru, kisha atakupigia tena saa nane mumjadili Miu.

Binti Maktaba: Mimi ningempa, ila bila hiyo mistari. Jina la riwaya lilitokana na Miu kuchanganya mabitiniki, wale waandishi wa Marekani, na Sputnik, chombo cha anga cha Warusi. Na Sputnik 2 ilirushwa Novemba 3, 1957 ikiwa na mbwa Laika, pasipo njia yoyote ya kumrudisha. Mwulize Laika anamkumbusha nani. Akikutaja wewe, mna la kuzungumza.

Msomaji Mkongwe: Dada, huko ni kumtungia mtihani mtu asiyejua kwamba yumo darasani! Mleta uzi, rudia ile sehemu ya mwanafunzi aliyekamatwa akiiba dukani, ambaye K alikuwa na uhusiano wa siri na mama yake. Mbele ya mtoto huyo, ambaye hakumwuliza chochote, ndipo K anapousema upweke wake waziwazi, wakati Sumire ameshatoweka katika kisiwa cha Ugiriki. Maneno anayo, yamemfikia asiyehusika.

Mleta uzi: Nimeirudia sehemu hiyo, nikachukua kifutio. Nimemwomba rafiki yangu tuonane Jumamosi saa tano asubuhi, naye ameuliza mara mbili kama kuna msiba.