Mdakaji aliyepunga mkono katika mpira wa Kimarekani analindwa mpaka wapi?

Swali: Wakuu, habari za jioni. Katika mechi moja ya NFL (ligi kuu ya mpira wa Kimarekani), mdakaji wa mpira uliopigwa juu na wapinzani alinyoosha mkono juu ya kichwa akaupunga, lakini mpira ulimgonga kifuani, ukaanguka, na mpinzani akaulalia. Je, ishara ile haikumlinda?

Jibu la kwanza: Ndugu, ishara humpa nafasi ya kudaka bila kusumbuliwa, na kwa kubadilishana na ulinzi huo hukubali kutokimbia na mpira akishaudaka. Ukimponyoka ungali hewani, bado anapewa nafasi ya kuudaka tena. Ukishagusa ardhi, ulinzi umekwisha na wapigaji, yaani timu iliyoupiga mpira, wanaruhusiwa kuuchukua, ingawa hawawezi kusonga nao mbele. Mwamuzi alikuwa sahihi.

Jibu la pili: Naongeza jambo ambalo wengi hulisahau, nami nalipenda mno. Timu ambayo mdakaji wake amepata haki hiyo ya kudaka bila kusumbuliwa inaweza kuchagua kupiga mpira golini kutoka pale pale alipoudakia, wapinzani wakiwa wamesimama yadi 10 mbele. Tarehe 19 Desemba 2024, mchezaji wa Denver Broncos alimwingilia mdakaji wa Chargers, adhabu ya yadi 15 ikasogeza mpira, na japokuwa muda wa nusu ya kwanza ulikuwa umekwisha, Cameron Dicker wa Chargers alifunga kwa yadi 57. Bao la namna hiyo halikuwa limeonekana katika NFL tangu 1976.

Muuliza swali: Nashukuru sana, wakuu. Nimeelewa.