Kwanini wachoraji ukiwasifia mtandaoni wanakukatalia?

dada_kigamboni:
Habari zenu wadau. Kuna kijana namfuatilia Insta anachora kwa simu, juzi kaposti akina mama wanapara samaki pale Feri, aisee kwenye ndoo unaona kabisa magamba yanaelea juu ya maji. Nikamwandikia "kaka una kipaji, imenikosha sana". Jibu lake: "asante dada ila mkono wa kushoto nimeuharibu, usiuangalie". Mkono wenyewe wala sikuwa nimeuona! Sasa kila nikifungua ile picha naona mkono tu. Na sio yeye peke yake, huyu anakwambia bado najifunza, yule "nilichora harakaharaka tu", mwingine analaiki komenti na kupita kimya kama nimemtukana. Hivi sifa zinawawasha au?

penseli_mbili:
Mimi nachora, ngoja nikujibu. Ukichora kwenye simu muda mwingi umezoom mpaka jicho moja linajaza skrini nzima, unakesha na hilo jicho, unafuta kope unarudisha kope, alafu mtu anakuja kuiona ndogo kama picha ya pasipoti anasema kaliii. Hatuangalii kitu kimoja. Na ile picha iliyokuwa kichwani kabla sijaanza wewe hujaiona, mimi ndo nalinganisha na ile na haijawahi kutoka sawa. Nikikubali sifa kimyakimya nahisi kama nakutapeli, ndo hapo mkono unapotajwa.

mzee_wa_hoja:
Malezi hayo. Tumekuzwa na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mtoto kaleta ripoti kawa wa pili anaulizwa huyo wa kwanza ana vichwa viwili? Ukipokea sifa bila kujishusha unaambiwa unajisikia. Na sisi wa Pwani mtu akisifia kitu chako bila kusema mashallah roho haitulii.

nusu_daktari:
@mzee_wa_hoja sio malezi yetu tu. Mwaka 1978 kuna wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofanikiwa sana kwenye masomo na kazi ila moyoni wanajiona feki na wanasubiri siku watakayoshtukiwa. Na hao hawajawahi kusikia habari za mgema 😂

shangazi_taarab:
Mbona kwenye taarab hamna haya mambo? Mwimbaji akigusa mtu, mtu anainuka kwenye kiti na noti yake juu, anacheza mdogomdogo mpaka mbele anamtunza, na mwimbaji anapokea huku anaendelea na ubeti wake, hajawahi kusimamisha muziki aseme jamani pale nilikosa sauti. Kwasababu anakuona! Anajua ni mstari upi umekuinua, anajua unamrushia nani kijembe, na anajua umetoa chako mfukoni. Huko mtandaoni anapata vimoto vitatu 🔥🔥🔥 kutoka kwa mtu asiyemjua, na dakika hiyohiyo huyo mtu kaweka vimoto vilevile kwenye picha ya chips mayai. Atajuaje kama ameangalia?

Kaka Rangi:
Shangazi umemaliza. Mi niongeze la hela maana mnaliruka. Sifa nyingi za inbox ni kilemba cha ukoka, "mkuu we ni noma hakuna kama wewe Bongo hii", nikishuka chini nakuta "nichoree na mimi basi na wife, nitakutangaza". Unatangazwa mpaka bando linaisha. Wale wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay angalau mtu akisifia anauliza bei. Siku hizi nikiona sifa ndefu nashika simu kwa tahadhari.

dada_kigamboni:
Haya nimewaelewa, ila na nyie mjue ukimwambia mtu kazi ni mbovu baada ya yeye kuisifia ni kama umemwambia hana macho. Sasa tuandike nini, tunyamaze?

penseli_mbili:
Msinyamaze jamani tutakufa njaa ya laiki 😂 Taja ulichokiona. Ungemwambia kuhusu yale magamba kwenye ndoo nakuhakikishia asingetaja mkono, maana pale ndo alipohangaika, na hakuna mtu anayesema magamba kwa kujipendekeza.

dada_kigamboni:
Sawa fundi. Na wewe A3 ya watu wawili unafanya bei gani?

Kaka Rangi:
@penseli_mbili pokea hiyo, usimwambie bado unajifunza 😂😂

penseli_mbili:
Njoo inbox dada. Advansi nusu kabla sijachonga penseli.