Naomba ushauri: kampuni ya sola inataka kukodi shamba letu kwa miaka 25

Wadau, shikamooni. Nafanya kazi hapa Nairobi, ila shamba letu liko Yatta, Machakos. Kampuni moja inataka kulikodi miaka 25 iweke paneli za sola. Baba yuko tayari kutia sahihi. Mama hataki hata kusikia, maana ndengu na mbaazi za pale ndizo zinazolisha nyumba, na mbuzi watalishwa wapi?

Siipingi kawi ya jua. Ya Garissa ilizinduliwa 2019 na inatoa takriban megawati 50. Lakini nimesoma rasimu yote: haisemi nani atang'oa nguzo na zege mkataba ukiisha, na kodi haipandi hata shilingi. Miaka 25 yote! Hilo linaninyima usingizi.

Najua ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Je, mama akikataa, bodi itamsikiliza? Pia, kule Isinya, Kajiado, mwaka 2022 walijaribu kukuza mboga chini ya paneli zilizoinuliwa juu. Kuna aliyefanikiwa kuwashawishi wawekezaji wakubali hivyo? Na wakili wa ardhi nimtafute kabla baba hajasaini, au tuanze na chifu?