Alama za mavi ya ndege na vidoa vya maji kwenye rangi nyeusi, vinatoka au ndio basi?

MweusiTii
Wakuu habari. Naombeni msaada jamani, hii kitu inaninyima raha. Gari yangu ni nyeusi, nilisafiri wiki mbili nikaiacha imepaki chini ya mti, narudi nakuta boneti na paa vimejaa mavi ya ndege yamekaukia na jua limeyapiga mpaka yamekuwa kama simenti. Nikaosha yakatoka, ila pale yalipokuwa pamebaki alama kama ramani, rangi imefifia na ukitazama kwa ubavu unaona kama pamekunjamana. Halafu milango ya upande mmoja ina vidoa vyeupe vya duara vidogo vidogo, hivyo najua ni maji maana kuna mpira wa kumwagilia bustani unarusha pale ninapopaki. Nimeosha kwa sabuni mara tatu, wapi. Jamaa mmoja kaniambia nisugue na dawa ya meno, mwingine anasema hapo dawa ni kupiga rangi boneti nzima. Rangi ni ya kiwandani haijawahi kuguswa, na inaniuma kuipeleka ikapulizwe kabla sijajua kama kuna njia nyingine. Nianzie wapi?

FundiPolishi
Pole mkuu. Dawa ya meno weka pembeni kabisa, ina chembe za kusugulia na hujui ni kali kiasi gani, kwenye nyeusi itakuachia ukungu na mikwaruzo ya mviringo halafu utakuwa na tatizo la tatu.

Una vitu viwili tofauti hapo usivichanganye. Vile vidoa vya maji ni chokaa, maji yana kalisiamu na magnesiamu, maji yakikauka yanaondoka hewani, hayo madini yanabaki juu ya rangi, ndo maana sabuni haivitoi, sabuni inatoa mafuta na vumbi lakini chokaa inataka asidi kidogo. Chukua siki nyeupe changanya nusu kwa nusu na maji safi, gari iwe kivulini na bati liwe la baridi ukiligusa, lowesha taulo la maikrofaiba lilaze juu ya vidoa dakika moja au mbili, usiache ikauke, futa taratibu, suuza kwa maji mengi halafu osha tena na shampoo ya gari ili siki isibaki kwenye mipira na pembe pembe. Rudia kama vimepungua. Ukiona weupe umeondoka lakini duara bado linaonekana ukipiga tochi, basi hilo limeshaingia ndani na siki haina kazi tena hapo.

Yale ya ndege ndo yenyewe. Watu wanadhani ni asidi tu, na kweli mavi ya ndege yana asidi ya yuriki, ila jua linachangia sana. Klia, lile tabaka la juu kabisa linaloonyesha rangi iliyo chini yake, ikipigwa na jua inalainika na kutanuka, mavi nayo yanakauka yanakuwa magumu juu yake, jioni bati likipoa klia inasinyaa na kushika umbo la kile kilichoigandamiza. Hayo makunyanzi unayoyaona ndo hayo. Kwahiyo mkuu elewa hili kabla hujanunua chupa yoyote: pale hakuna doa tena. Doa ulishalitoa siku ulipoosha. Kilichobaki ni shimo, na shimo halioshwi, unachoweza ni kushusha klia ya pembeni mpaka ilingane nalo au karibu yake. Na klia ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50 hivi, unywele mmoja wa kichwani una kama 70, yaani kazi yote unaifanyia ndani ya kitu chembamba kuliko unywele, na ukishaipunguza hairudi.

Pitisha ukucha taratibu juu ya alama. Ukipita bila kukwama una nafasi nzuri na polishi. Ukinasa, nenda polepole sana au peleka kwa mtu mwenye kipimo cha unene wa rangi.

MweusiTii
Asante sana mkuu, hii ya shimo hakuna aliyewahi kuniambia. Ukucha umepita kwenye alama zote za paa, kwenye boneti kuna moja kubwa kama kiganja cha mtoto inakwaruza kidogo. Mashine ya polishi naweza kuazima, ila sijawahi kushika.

DadaGereji
Ndugu yangu ngoja nikwambie yaliyonikuta ili yasikukute. Mimi niliazima mashine ile inayozunguka moja kwa moja, ya mafundi, nikaanza na kompaundi kali, ile polishi inayokata zaidi, nikijua ndo itamaliza haraka, mlango ukatoka unang'aa nikafurahi, kufika kwenye ule mkunjo wa bati unaopita katikati ya mlango sikupunguza kasi, sekunde chache tu nikaona pameanza kuwa na rangi nyingine, kumbe nimeshavuka klia na rangi yenyewe nipo kwenye praima, lile tabaka la chini ya rangi. Ule mlango ulipigwa rangi upya. Pembeni na kwenye mikunjo rangi huwa nyembamba na sponji yote inaelemea sehemu ndogo, joto linapanda fasta.

Azima ile nyingine inayotikisika huku inazunguka, inachosha lakini inakupa muda wa kustuka. Bandika teipu ya karatasi kwenye kingo zote. Na anza na kilicho laini kabisa, sponji laini na polishi ya kumalizia, sehemu ndogo tu kama kurasa mbili za gazeti, angalia, kama haijatosha ndo upande kwenye kompaundi. Nani alisema lazima uanze na kali?

Kabla ya hapo pitisha ule udongo wa kusafishia rangi, ule laini unaofinyangika, na maji ya shampoo ya kutosha uteleze, unachukua uchafu ulioganda ambao macho hayaoni, vinginevyo utauzungusha na sponji na kujichora mwenyewe. Ukiudondosha chini tupa, usiuokote.

Kivulini
Naongezea, ukimaliza sehemu futa na spiriti iliyochanganywa na maji ndo uangalie. Polishi ina mafuta yanajaza mikwaruzo na vishimo, unaona safi kabisa halafu baada ya kuosha mara mbili vyote vinarudi unadhani umelogwa.

Mimi yangu ilikuwa utomvu wa mti, huo spiriti inautoa, lowesha kitambaa ukandamize uache ulainike usisugue mkavu.

MweusiTii
Na hii ya joto? Kuna mtu kasema ukipasha na mashine ya kukaushia nywele alama inajifuta yenyewe.

FundiPolishi
Si uongo ila usitegemee sana. Klia ililainika ikashika umbo baya, ukiipasha tena inaweza kulegea na kurudi kidogo, nimeona ikisaidia kwenye alama changa za siku moja mbili. Za wiki mbili zilizofifia kabisa sijaona ikizimaliza. Ukijaribu tumia hiyo ya nywele, usitumie ya kubandua rangi, isogeze muda wote na mkono wako uweze kugusa bati bila kuungua. Bampa la plastiki usiliguse. Kama kuna mahali pamewahi kupakwa rangi napo acha.

Msasa namba 2000 au 3000 wa maji usiushike kwa sasa, najua utaona video za watu wanaupiga, wao wamepima kwanza.

MweusiTii
Wakuu nimerudi na majibu. Siki imetoa karibu vidoa vyote vya milango, raundi mbili tu, vimebaki kama sita vyenye duara, hivyo nimepiga polishi laini vikaisha vinne. Paa alama zote zimetoka kwa polishi laini na kompaundi ya kati mara moja, nimefuta na spiriti nikapiga tochi sioni kitu, nilikaa nalitazama lile paa kama nusu saa.

Ile kubwa ya boneti imegoma. Ilipungua, makunyanzi yameisha, ila jua la jioni likilala unaiona. Nikaipeleka kwa fundi mwenye kipimo, sehemu nyingine za boneti zinasoma mikroni 112 hadi 118, pale nilipokuwa nashughulika 104. Kaniambia hiyo namba ni tabaka zote kwa pamoja, klia, rangi na praima, kwahiyo ule upungufu wote umetoka kwenye klia peke yake, na klia ndo inayokinga rangi na jua, ukiimaliza baada ya muda itaanza kubanduka. Kaniuliza nataka boneti isiyo na alama mwaka huu au nataka rangi ya kiwandani miaka mingine kumi. Nimeiacha hapo hapo.

DadaGereji
Umefanya vizuri sana kuacha. Sasa weka nta leo leo, hapo ulipopiga polishi pako wazi.

FundiPolishi
Nta au silanti (ile kinga ya kutengenezwa inayopakwa kama nta) yoyote nzuri, haizuii mavi ya ndege ila inakununulia saa kadhaa. Weka chupa ya maji na taulo kwenye buti, ukiona limedondoka lowesha, laza taulo la maji juu yake dakika kumi, halafu linyanyue usilifute. Lina mchanga na mbegu ndani, ukilifuta unakwaruza.

MweusiTii
Chupa ipo tayari. Na ule mpira wa bustani nimeugeuza upande mwingine.